Tabo, Chaja au Kishindilizi? Maoni juu ya Uteuzi wa Istilahi za Injini

Baada ya masharti ya biashara ya nje kulegezwa katika miaka ya 1980 na 1990, magari yaliyokwisha tumika nchini Japani yalianza kuingia Tanzania kwa wingi, na pamoja nayo kikaingia kifaa ambacho zamani kilijulikana zaidi na mafundi wa meli, wa reli na wa malori makubwa. Kifaa hicho huisukumia injini hewa kwa nguvu ya moshi wake yenyewe. Leo kimo ndani ya magari madogo ya watu binafsi, na wako vijana wengi wenye hamu ya kukiondoa kile kilichokuja na gari na kuweka kingine chenye nguvu zaidi. Kwa hiyo watafsiri hutakiwa kufasiri vitabu vya maelekezo, walimu wa ufundi hutakiwa kukifundisha, na watumishi wa serikali hutakiwa kukitaja katika hati za zabuni, za ukaguzi na za bima.

Makala haya yanakusudia kupima maneno yanayotumika au yanayoweza kutumika kukitaja kifaa hicho na aina zake. Hoja yetu ni kwamba jina la kifaa chenyewe halina taabu kubwa, kwani mafundi wamekwisha lipata. Taabu iko katika majina ya aina zake zisizo za kawaida. Huko ndiko neno moja la ovyo linakoweza kumpotezea mtu fedha zake, au kumharibia injini.

Mfano wetu tumeuchukua Kigoma na Ujiji, na tunayo sababu. Kwanza, Kigoma iko mwisho wa Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Spea iliyoagizwa kwa jina lisilo sahihi hairudishwi kwa urahisi. Pili, ukingo wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na atokaye hapo kwenda Kasulu hupanda hadi kupita mita 1,200. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Ukingoni mwa ziwa mgandamizo wa hewa umekwisha pungua kwa asilimia 9 hivi kuliko pwani, na penye mita 1,300 umepungua kwa asilimia 14 hivi. Injini isiyo na msaada hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Basi huko kifaa hiki si pambo la wapenda mbio peke yao.

Tatu, Kigoma ni mahali panapotufundisha jinsi maneno ya mitambo yanavyoishi. Meli ya Liemba ilishushwa majini hapo tarehe 5 Februari 1915 ikiwa meli ya Kijerumani yenye injini za mvuke. Ikazamishwa mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927, na katika miaka ya 1970 ikatiwa injini za dizeli. Watu waliiita meli ilipokuwa ya mvuke, na wakaendelea kuiita meli ilipokuwa ya dizeli, ingawa neno lenyewe lasemekana kutokana na neno la Kiingereza la barua za posta. Kadhalika treni za dizeli zinazofika Kigoma zingali zikiitwa garimoshi. Asili ya neno, basi, haiwi kifungo juu ya matumizi yake. Yafaa tulikumbuke jambo hili tunapoamua juu ya neno la kigeni.

Kifaa chenyewe

Ili tuweze kuhukumu majina, hapana budi tujue kazi inayofanywa. Moshi utokao katika silinda ungali na joto na kasi nyingi. Kabla haujafika katika bomba la ekzosi hupitishwa katika gurudumu dogo lenye mapanga, yaani turbini. Gurudumu hilo hushikana kwa mhimili mmoja na gurudumu jingine, nalo ndilo linalovuta hewa ya nje, kuigandamiza na kuipeleka ndani ya silinda. Magurudumu hayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi huweza kuungua, na nguvu huongezeka bila ya kuongeza ukubwa wa injini.

Mhandisi Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905. Likatumika katika meli tangu miaka ya 1920, na likaingia katika magari madogo ya kuuzwa kwa watu mwaka 1962 huko Marekani, kwa Oldsmobile na Chevrolet. Kwetu Afrika Mashariki sifa yake ilienea kwa mbio za Safari Rally, ambazo Toyota Celica yenye kifaa hicho ilizishinda miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986.

Mvuvi wa dagaa anayepampu karabai yake jioni pale Kibirizi hufanya kazi ya namna hiyo: huongeza mgandamizo ili moto upate nguvu. Mhunzi naye hufanya vivyo hivyo kwa mivukuto yake. Tofauti iko katika nguvu inayotumika. Mvuvi na mhunzi hutumia mkono, ilhali kifaa chetu hutumia moshi ambao ungetupwa bure.

Njia tatu za kukipa jina

Njia ya kwanza ni ya kufuata sura ya neno la Kiingereza, sehemu kwa sehemu. Afuataye njia hiyo hupata "chaja ya turbo" au "kichaji cha turbo". Jina hili twalikataa kabisa. Sehemu ya pili ya neno la Kiingereza hutumika hapa kwa maana yake ya zamani ya kupakia au kujaza, kama mtu ajazavyo baruti katika gobori. Lakini katika Kiswahili maneno chaji na chaja yamekwisha shika maana ya umeme wa betri na simu. Msomaji atakayeona "chaja" atafikiri juu ya waya, na mwanafunzi ataandika katika mtihani kwamba kifaa hiki hulijaza betri. Mtafsiri wa namna hii amehamisha herufi, na maana ameiacha ng'ambo.

Njia ya pili ni ya kuunda neno kutokana na mizizi yetu. Hapa kuna kitenzi kizuri sana, nacho ni kushindilia. Mtu hushindilia pamba katika gunia au udongo katika shimo la nguzo, maana yake hutia vingi mahali padogo kwa nguvu. Hicho ndicho kinachofanyika katika silinda. Kutokana na kitenzi hicho twaweza kupata kishindilizi, kama vile angalia inavyozaa mwangalizi. Neno hili lafahamika bila ya mwalimu. Kasoro yake ni kwamba ni pana mno. Viko vifaa vingine vinavyoshindilia hewa bila ya kutumia moshi, vikizungushwa kwa mkanda wa injini. Hivyo navyo ni vishindilizi.

Njia ya tatu ni ya kulipokea neno lililokwisha zoewa. Mafundi husema tabo. Huandikwa kwa sura mbili tatu, lakini hutamkwa hivyo, nalo limeingia katika ngeli ya injini na silinda bila ya kuvunja kanuni yoyote: tabo hii, tabo hizi. Baadhi ya wataalamu hulichukia neno la namna hii kwa kuwa limetoka gereji. Historia ya istilahi zetu haiwaungi mkono. Ngamizi na tarakilishi yalipendekezwa, na kompyuta ikaendelea kutawala vinywani. Kwa upande mwingine, bunge, ambalo vitabu vya shule hulitaja kuwa limetoka katika Kiha, lugha ya watu wa Kigoma, lilipokewa na taifa zima kwa sababu lilikidhi haja. Kipimo katika hali zote mbili kilikuwa matumizi.

Uamuzi wetu, basi, ni kugawa kazi. Tabo iwe jina la kifaa kinachotumia moshi. Kishindilizi kiwe jina la jamii yote ya vifaa vya kushindilia hewa, na kushindilia liwe neno la kufundishia. Mwalimu aweza kusema: "Tabo ni kishindilizi kinachozungushwa na moshi wa injini." Sentensi hiyo yaeleweka Ujiji, yaeleweka Unguja, na haina neno la kumkwaza mtu.

Penye hatari: aina zisizo za kawaida

Kazi ya waundaji wa istilahi aghalabu huishia hapo. Kifaa kikishapata jina, orodha hufungwa. Lakini mwenye gari hanunui "tabo" tu, hununua tabo ya aina fulani. Njia iliyozoeleka ya kuongeza nguvu ni kununua tabo kubwa zaidi. Kwa gari la barabarani njia hiyo mara nyingi ni mbaya, kwa kuwa gurudumu kubwa huchelewa kuitika, na dereva hupata nguvu akiwa amekwisha maliza mlima. Njia nyingine zipo, zenye akili zaidi, ila hazina majina imara. Asiyejua maana haambiwi maana, na asiye na jina la kitu hawezi kukichagua.

Tuanze na neno pacha. Kampuni ya Subaru iliuza nchini Japani tangu mwaka 1993 gari la Legacy lenye tabo mbili zinazofanya kazi kwa kupokezana. Toleo lililofuata, la mwaka 2003, lilikuwa na tabo moja tu, ila nyumba ya turbini yake imegawanywa njia mbili ili moshi wa silinda moja usiuzuie wa nyingine. Kwa Kiingereza vifaa hivyo viwili vyote huitwa kwa neno la mapacha. Sasa tumchukue mwenye Legacy wa Mwanga, mjini Kigoma, anayempigia simu mwuza spea wa Dar es Salaam na kuomba "tabo pacha". Mwuzaji aweza kumpelekea kifaa kisichoweza kufungwa katika gari lake, na kila mmoja akaapa kwamba amesema kweli. Kosa ni la neno. Twapendekeza gari lenye tabo mbili lisemwe hivyo hivyo, kuwa lina tabo mbili, na ile iliyogawanywa iitwe tabo ya njia mbili. Neno pacha liachwe kabisa katika uwanja huu.

Hata tabo mbili nazo hazipangwi kwa namna moja. Injini ya Toyota iitwayo 1JZ-GTE, katika matoleo ya kabla ya 1996, ilikuwa na mbili zinazofanya kazi wakati mmoja, kila moja ikihudumia nusu ya silinda. Hizi ni tabo sambamba. Zile za Legacy, ambapo moja huanza na nyingine huingia baadaye, ni tabo za zamu. Katika baadhi ya injini za dizeli, tabo kubwa huigandamiza hewa na kuikabidhi tabo ndogo iigandamize tena. Hizo twaziita tabo za ngazi. Sambamba, zamu na ngazi ni maneno ambayo kila mtoto wa shule anayajua, na kila moja laonyesha mpango ulivyo.

Aina ya pili yenye matata ni ile ambayo ganda lake la nje ni la kiwandani, lakini ndani yake mmetiwa magurudumu makubwa au bora zaidi. Mafundi wa Ulaya huiita kwa neno lenye maana ya chotara. Mtafsiri akiandika "tabo mahuluti" au "tabo mseto", msomaji atalifikiria gari linalotumia petroli na umeme. Twapendekeza tabo ya ganda la asili. Jina ni refu kidogo, lakini lamwambia mnunuzi jambo analolihitaji hasa: kitakaa mahali pa kile cha zamani, mabomba hayatakatwa wala kuungwa upya. Kwa mtu aliye mbali na karakana kubwa, faida hiyo huenda ikapita nyingine zote.

Aina ya tatu ina vibao vidogo vinavyozunguka turbini, navyo hugeuka ili kuubana moshi au kuuachia kulingana na mwendo. Kutafsiri jina lake kwa "jiometri badilifu" ni kumrudisha fundi darasani kujifunza pembe na duara. Tayari tunalo neno mapanga kwa ajili ya vile vinavyozunguka, kama katika pangaboi. Kwa vile vinavyogeuka mahali pake bila ya kuzunguka twapendekeza mapezi, kwa mfano wa samaki anayeyageuza mapezi yake kuyaongoza maji. Basi hii ni tabo ya mapezi. Imeenea katika dizeli, mathalani injini ya 1KD-FTV iliyomo katika Toyota Prado nyingi. Katika petroli ni nadra kwa sababu ya ukali wa joto la moshi, ingawa Porsche waliitumia katika 911 Turbo tangu mwaka 2006.

Aina ya nne hutofautiana kwa namna mhimili unavyoshikiliwa. Hapa gereji imetutangulia, nasi hatuna la kuongeza: iko ya bushi, na iko ya gololi. Ya gololi huzunguka kwa wepesi na kuitika mapema. Ya bushi ni nzito kidogo, lakini fundi mwenye vifaa vya kawaida aweza kuifungua na kuitengeneza, ilhali ya gololi ikiharibika aghalabu hubadilishwa sehemu yote ya kati. Mtumishi anayeandika zabuni ya magari ya wilaya za mbali hana budi ayajue maneno haya mawili, maana yana gharama ndani yake.

Maneno ya vipimo

Wauzaji hupenda kusema "bar moja ya tabo". Bar moja juu ya nini? Kipimo cha garini huonyesha kile kilichozidi hewa ya mahali pale. Huu tuuite mgandamizo wa ziada. Ukijumlisha na hewa ya mahali pale, wapata mgandamizo kamili. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Tabo ikitoa ziada ya bar 1 pwani, huwa imeuzidisha mgandamizo wa hewa takribani mara 2. Kigoma mjini, kwa ziada hiyo hiyo, huuzidisha mara 2.08, na penye mita 1,300 mara 2.15. Yaani kipimo chasema namba ile ile, lakini tabo inafanya kazi zaidi na kuzunguka kwa kasi zaidi. Aliyechagua kifaa kwa hesabu za Dar es Salaam aweza kukiua katika milima ya Kasulu.

Namba hizo tuziite uwiano wa tabo. Zisiitwe uwiano wa mgandamizo, kwa sababu jina hilo ni la kitu kingine: namna pistoni inavyoibana hewa ndani ya silinda. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, iliyoundwa bila ya tabo, ina uwiano wa mgandamizo wa 22 kwa 1 hivi, ambao ni mkubwa. Anayetaka kuiongezea tabo hana budi aridhike na ziada ndogo. Karani akizichanganya istilahi hizo mbili katika hati moja, fundi aweza kuyafuata maandishi kwa uaminifu wote na kuivunja injini ya umma.

Liko pia tukio la hewa kurudi nyuma kwa mshindo pale gurudumu linaposhindwa kuisukuma. Kulisema kwa "wimbi" hakufafanui kitu. Twapendekeza kitenzi kucheua: tabo inacheua. Anayelijua neno hili kwa ng'ombe au kwa mtoto mchanga atafahamu mara moja kwamba kilichokwisha ingia kinarudi. Rejeta inayopoza hewa iliyogandamizwa iitwe rejeta ya hewa, na kilango cha kuupunguzia moshi njia ili tabo isipite kiasi kiitwe kilango cha moshi.

Tungependa pia kuwaonya watafsiri juu ya maneno ya wauzaji kama "hatua ya kwanza", "hatua ya pili" na "hatua ya tatu". Maneno hayo hayana kipimo kinachokubaliwa na wote. Hatua ya pili ya muuzaji mmoja huenda ikawa ya kwanza kwa mwenziwe. Yakionekana katika tangazo na yafasiriwe, lakini yasiingizwe katika hati ya bima, ya ukaguzi wala ya zabuni.

Pingamizi moja

Huenda mtu akauliza: je, kuna haja ya Baraza au mwalimu kujishughulisha na vitu vya vijana wapenda mwendo? Tunajibu kwamba barabara ni ya wote. Gari lililoongezwa nguvu bila ya kuongezwa breki ni jambo la polisi, la hospitali na la mahakama, na kila mmoja wa hao ataandika ripoti. Ripoti isemayo tu kwamba gari "lilikuwa na turbo kubwa" haimsaidii hakimu. Ripoti isemayo kwamba lilikuwa na tabo ya ganda la asili iliyorekebishwa kutoa ziada ya bar 1.5 humwambia jambo linaloweza kuthibitishwa au kukanushwa.

Kwa muhtasari, twapendekeza yafuatayo:

Kishindilizi – kifaa chochote kinachoshindilia hewa katika injini.
Tabo – kishindilizi kinachozungushwa na moshi.
Tabo ya njia mbili – tabo moja yenye nyumba ya turbini iliyogawanywa.
Tabo sambamba, za zamu, za ngazi – mipango mitatu ya tabo mbili.
Tabo ya ganda la asili – ganda la kiwandani, magurudumu mapya.
Tabo ya mapezi – yenye vibao vinavyogeuka kuuongoza moshi.
Tabo ya bushi, ya gololi – kwa namna mhimili unavyoshikiliwa.
Mgandamizo wa ziada, mgandamizo kamili – bila hewa ya mahali, na pamoja nayo.
Uwiano wa tabo – mgandamizo kamili utokao, ukigawanywa kwa ule wa hewa iingiayo.
Kucheua – hewa kurudi nyuma katika tabo.

Mapendekezo haya hayana budi kupita gereji kabla ya kupita kamati. Walimu wa vyuo vya ufundi wayajaribu darasani, na mafundi wa Ujiji, Tanga na Mbeya waulizwe watumiavyo wao. Neno litakalokataliwa na mikono yenye oili tusililazimishe. Litakalopokewa tuliandike kwa tahajia moja, ili hati iliyoandikwa Dodoma isomwe Kigoma kwa maana ile ile. Penye wengi hapaharibiki neno.